Wiki sita za mazoezi ya nyonga nyumbani kwangu Nkuhungu

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71, na tangu nifiwe na mume wangu ninaishi peke yangu Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwezi Machi niliteleza uani nikavunjika nyonga, nikawekewa kiungo bandia, na niliporuhusiwa kutoka hospitalini binti yangu aliyeko Mwanza alinilipia huduma ya utengamao, yaani mazoezi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili wake, ya kutembelewa nyumbani mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita.

Siku ya kwanza nilidhani nitalazwa kitandani na kunyooshwa mguu. Kijana wa fiziotherapia alinipa shikamoo, akaketi, kisha akaniomba nimwonyeshe ninavyokwenda chooni usiku na ninavyopika. Alipokiona kigoda changu alikiweka kando, akanieleza kwamba katika miezi ya mwanzo mtu mwenye nyonga bandia hapaswi kukaa chini hadi goti lipite usawa wa nyonga, kwa sababu kiungo kinaweza kuchomoka. Hospitalini niliambiwa nisiiname, lakini hakuna aliyeniuliza nasongea wapi ugali wangu wa uwele. Tulilipandisha jiko la mkaa juu ya matofali, na sasa ninasonga nikiwa nimekalia kiti kirefu.

Kwenye ngazi mbili za uani, pale pale nilipoanguka, tulikaa karibu nusu saa. “Mama, kupanda utangulie mguu mzima, kushuka utangulie mgonjwa,” alirudia, nami nikawa nayasema maneno hayo mwenyewe, mkongojo mkononi. Kila wiki alinipima kwa saa nikiinuka kitini, nikitembea mita 3, nikigeuka na kurudi kuketi: nilianza na sekunde 44, nikamaliza na 19.

Wiki ya nne alikuja mtu mwingine bila taarifa yoyote. Kwa mzee anayeishi peke yake, kumfungulia mlango mtu asiyemjua si jambo dogo, na nilimwacha nje hadi nilipompata binti yangu kwenye simu. Alipoingia akaniuliza ni mguu upi uliovunjika. Nilipolalamika walimrudisha yule wa kwanza, lakini ziara ile tulitozwa kamili, jambo ambalo naona si haki.

Hata hivyo ningeichukua tena huduma hii. Anayetaka kumwekea mzazi wake aulize mapema ni nani atakayekuja, na adai kila ziara iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani; langu nalitundika kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni.