Akiki ipi ununue? Kuanzia kito cha Khambhat hadi kipande cha kioo

Ukitafuta pete ya akiki Unguja, Mombasa au kwenye soko la Muttrah kule Oman, utaambiwa mambo matatu: ni ya Yemeni, ni asilia, na inaponya. La kwanza mara nyingi si kweli. La pili linahitaji maelezo. La tatu ndilo linalopandisha bei. Nimezipanga hapa akiki zinazopatikana sokoni, kuanzia ile ninayoona inastahili pesa yako hadi ile ya kuiacha mezani kwa muuzaji. Kipimo changu ni kimoja: je, kito ndicho kile unachoambiwa ni, na bei inaendana nacho?

Akiki ni jamii ya kwatzi, yaani madini ya silika yenye chembe ndogo mno zilizoshikamana. Wekundu wake unatokana na madini ya chuma yaliyomo ndani. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs inafika 6.5 hadi 7, ilhali kioo cha kawaida kiko karibu 5.5. Kwa hiyo haichakai haraka, na mtu anayefanya kazi za mikono anaweza kuivaa kila siku. Zamani ilipendwa sana kwa mihuri, kwa kuwa nta ya moto haiigandii.

Maana yake ya kiroho

Kwa Waislamu wa pwani, mapenzi ya akiki yanaanzia kwenye pete ya Mtume (s.a.w.). Katika Sahih Muslim, Anas anasimulia kuwa ilikuwa ya fedha na kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Imam Nawawi anaeleza kuwa wanazuoni walikifasiri kito hicho kuwa ni akiki au jazi, jiwe lenye mistari, kwa kuwa machimbo yake yako Uhabeshi na Yemeni. Riwaya nyingine, iliyomo katika Bukhari, inasema kito kilikuwa cha fedha ileile ya pete. Ama maneno yanayoandikwa kwenye vibandiko vya maduka, kwamba tumeamrishwa kuvaa akiki kwa sababu ina baraka, wataalamu wa hadithi wa Kisunni wameyahesabu kuwa dhaifu au ya kubuniwa, na Ibn al-Jawzi aliyaweka miongoni mwa yaliyobuniwa. Ndugu zetu Mashia Ithnaasheri wana riwaya kutoka kwa maimamu wao zinazoisifu sana akiki, na wengi wao hurudi nayo wanapotoka ziara za Karbala, Najaf au Mashhad. Mnunuzi aijue njia yake mwenyewe kabla ya kusikiliza ya muuzaji.

Waarabu wa zama za kati walioandika habari za vito walisema akiki hutuliza hasira na kuzuia damu kutoka. Siku hizi wauzaji wa mawe ya tiba wa Ulaya na Marekani wanasema inaleta ujasiri na nguvu za mwili. Tiba haijathibitisha lolote kati ya hayo. Mimi naivaa na naipenda, na najua watu wanaoigusa hasira inapopanda ili wakumbuke kunyamaza. Hayo ni matumizi mema, kwani anayejizuia ni mtu, na pete inamkumbusha tu. Lakini dawa ya presha, ya sukari au ya kifafa haiachwi kwa sababu ya pete. Muuzaji anayekuambia uiache, toka dukani mwake.

Ya kwanza: kito kitupu cha Khambhat, kikavishwe na sonara wako

Hili ndilo chaguo langu kwa watu wengi. Khambhat ni mji wa Gujarat, India, na akiki zake si ngeni kwetu hata kidogo. Shanga za akiki zimefukuliwa katika miji ya kale ya pwani yetu, Kilwa ikiwemo. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za akiki za nchi ile, na za wafanyabiashara wa Kilwa, Mombasa na Malindi waliopeleka nguo na shanga za Khambhat hadi Sofala, Msumbiji ya leo. Kuna jambo jingine ambalo ni wachache wanaolisimulia: kwenye kilima cha Ratanpur, eneo la machimbo, lipo kaburi la Baba Ghor. Mapokeo yanamtaja kuwa Mhabeshi aliyeistawisha kazi ya akiki huko. Masidi wa Gujarat, watu wenye asili ya Afrika, humzuru na kumpigia goma mpaka leo. Kwa hiyo anayevaa akiki ya Gujarat amevaa kitu ambacho mikono ya watu wa bara letu imo ndani yake tangu zamani.

Mawe hayo yakichimbwa, mengi huwa ya manjano au kahawia. Huanikwa juani, kisha hupikwa taratibu ndani ya vyungu kwa moto wa samadi au unga wa mbao, na moto huo huigeuza rangi ya chuma iliyomo hadi iwe nyekundu. Kwa hiyo ukiuliza, "Hii imepikwa?" jibu la kweli kwa kawaida ni ndiyo. Kupikwa si aibu. Ni kazi ya karne nyingi, rangi haitoki, na kito kinabaki akiki. Muuzaji anayekiri kuwa kito kimepikwa ana nafasi kubwa ya kukuambia kweli katika mengine pia.

Kuna upande mchungu ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Kusaga akiki kunatoa vumbi la silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Wasagaji wa Khambhat, wengi wao wakifanya kazi majumbani, wameugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, kwa wingi, na wengi hupata kifua kikuu juu yake. Jiwe linalouzwa kwa jina la uponyaji limewanyima watu pumzi. Mashine zinazosaga kwa maji au zenye kifyonza vumbi zinapunguza madhara. Kama unaagiza kwa wingi kwa ajili ya duka, muulize msambazaji wako vito vinasagwaje na wapi, na usikubali jibu la juujuu. Mnunuzi wa kito kimoja hana nguvu hiyo, lakini naye anaweza kuuliza, na maswali yakirudiwa hufika mbali.

Faida ya kununua kito kitupu ni kwamba unakiona pande zote. Kiinue juani au kimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Akiki njema hupitisha mwanga kama wingu jekundu, penye pazito na pepesi. Kagua nyufa, hasa ukingoni ambapo fedha itakibana. Kisha kipeleke kwa sonara umpe kazi mbili: akitengenezee pete ya fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi) na aipime kwa gramu mbele yako, na auache wazi mgongo wa pete. Wengi hutaka mgongo wazi ili kito kiguse ngozi. Mimi naupenda kwa sababu nyingine: kito kilichozibwa nyuma kinaweza kuwa kimepakwa rangi au kuwekewa karatasi inayong'aa, na hutajua. Usishangae ukikuta kito ni nafuu kuliko fedha na ufundi. Kwa akiki ya kawaida ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ya pili: pete kuukuu ya fedha

Pete iliyovaliwa na babu, au iliyouzwa na mwenyewe kwa sonara, mara nyingi ina kito kizuri kuliko vipya. Katika pete za Kiarabu za zamani kuna ufundi mkubwa. Yemeni ilisifika kwa masonara wake Wayahudi hadi wengi wao walipohamia Israeli mwaka 1949 na 1950. Angalia fedha iliyokwanguka kwa kuvaliwa: uchakavu wa kweli huwa upande wa chini na pembeni, panaposugua vidole vya jirani. Pete iliyotiwa weusi kwa dawa ili ionekane ya kale huwa nyeusi kote sawasawa. Lipa kwa uzito wa fedha, uongeze kidogo kwa ajili ya ufundi, na umwombe sonara akaze kito kabla hujaondoka.

Ya tatu: akiki ya Yemeni

Naiweka ya tatu, ingawa wapenzi wa akiki wataiweka ya kwanza, na kwa uzuri wana haki. Akiki ya milima ya Anis, katika mkoa wa Dhamar, ina wekundu mzito. Ile ya rangi ya ini ndiyo inayotafutwa zaidi, na masoko ya Sana'a yalikuwa na mafundi waliotambua machimbo kwa kuliangalia jiwe. Shida ni jina. Hakuna kipimo cha dukani kinachoweza kukuonyesha kuwa akiki hii ni ya Dhamar na ile ni ya Gujarat, na mawe ya India husafirishwa na kuuzwa kama ya Yemeni mpaka ndani ya Yemeni kwenyewe. Tangu vita vilipopamba moto 2015, kuifuata hadi inakotoka kumekuwa kugumu zaidi.

Nunua akiki ya Yemeni ukiwa na mtu unayemjua anayemjua fundi, la sivyo lipa bei ya akiki nzuri tu na jina ulichukue kama nyongeza ya bure. Vilevile jihadhari na akiki za picha, zile ambazo mistari yake inaonekana kama mlima, ndege au jina tukufu. Picha ya asili ipo na inapendeza, lakini nyingine huchorwa kwa dawa. Itazame kwa kioo cha kukuzia: mistari ya asili huzama ndani ya jiwe, ya kuchora hubaki juu.

Ya nne: akiki iliyotiwa rangi

Bangili nyingi za shanga na tasbihi za bei nafuu ziko hapa. Kwa kawaida jiwe ni la kweli, mara nyingi la Brazil, jimbo la Rio Grande do Sul, lakini rangi imeingizwa. Wajerumani wa Idar-Oberstein walibobea katika ufundi huo katika karne ya 19: jiwe la kijivu hulowekwa katika maji ya chumvi za chuma, kisha hupashwa moto likawa jekundu, au hulowekwa katika maji ya sukari kisha asidi likawa jeusi. Rangi hizo mbili hudumu. Za kijani kibichi mno, waridi na zambarau ndizo hupauka juani.

Sina ugomvi na bangili ya namna hii kama imeuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Kuitambua si kazi: rangi hujikusanya kwenye nyufa na kwenye michirizi, na pamba yenye asetoni ya kufutia rangi ya kucha ikisuguliwa mahali pasipoonekana wakati mwingine hutoka na rangi.

Ya mwisho: kioo na plastiki

Usinunue. Kioo hupitisha rangi sawasawa bila wingu, na ndani yake huonekana viputo vya mviringo. Plastiki ni nyepesi na hupata joto la mkono upesi. Jaribio la kuzungusha uzi au unywele kwenye kito na kuuwasha kwa kiberiti, eti usipoungua ni akiki, halithibitishi kitu, kwa kuwa kitu chochote kinachonyonya joto la uzi uliobana, kioo kikiwemo, kinaweza kufaulu. Jaribio la maana ni kukwaruza: ukingo wa akiki huacha alama kwenye kipande cha kioo.

Nje kabisa ya orodha naziweka pete "zilizosomewa", zinazouzwa ghali kwa ahadi ya kufukuza husuda, kuvuta wateja au kumrudisha mume. Kito chake kwa kawaida ni kile cha nne au cha mwisho. Kwa Muislamu kuna jambo zito zaidi, kwani Mtume amekataza kutundika hirizi na kuitegemea. Anayetaka kinga ana Falaq na Nasi, na hazina bei.

Ukinunua mtandaoni, omba video iliyopigwa juani, kito kikimulikwa kutoka nyuma, pamoja na uzito wa fedha na ahadi ya kurudishiwa pesa. Picha iliyopigwa chini ya taa ya dukani hufanya kila jiwe jekundu lionekane la ini.

Kuivaa kila siku

Pima kidole jioni, siku ya joto, wakati vidole vimevimba kidogo. Ukipima asubuhi ya baridi, pete itakubana Ramadhani ikija na jua kali. Kwa wanaume, Anas alisimulia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na zipo riwaya za mkono wa kulia. Hadithi ya Ali inakataza cha kati na kinachokifuata, yaani cha shahada. Wakati wa kutawadha izungushe pete ili maji yapite chini yake. Yenye jina la Mungu ivue kabla ya kuingia msalani, na kama hupendi kuivuavua, mwambie sonara asiichonge maandishi.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Dawa ya kufulia nguo nyeupe huifanya fedha kuwa nyeusi, na dawa ya meno huikwaruza. Kitambaa cha pamba kinatosha kuirudishia mng'ao. Kila baada ya miezi kadhaa itikise pete karibu na sikio, na ukisikia kito kikigonga, ipeleke kwa sonara siku hiyohiyo.