Kruzi ya siku 7 Mediterania: nyota 3 na nusu kati ya 5, zilizobaki zimezama kwenye chupa za maji

Niliahidi watu kadhaa nitaandika nikirudi halafu nikapotea, haya basi. Mimi na dada'angu tulipanda kruzi (safari ya starehe kwenye meli kubwa) ya usiku 7, inaanzia na kuishia Barcelona, katikati inapita Villefranche kule Ufaransa, halafu Italia inashika Livorno, Civitavecchia na Napoli, mwisho Palma kule Hispania ndo unarudi. Jina la meli silitaji, maana nikilinganisha na waliopanda meli za kampuni zingine naona tunalalamika yale yale, ni ugonjwa wa kruzi zote.

Jambo moja ambalo ningependa ningeambiwa kabla ya kulipa: meli ina abiria zaidi ya 3,000 na wote wana akili moja kwa wakati mmoja. Wote njaa inawauma saa moja usiku, wote wanataka kushuka saa mbili asubuhi, wote wanakumbuka kurudi dakika za mwisho. Ukiandamana nao likizo yako yote utaisimamia kwenye foleni, ila ukiwapishana hata kwa nusu saa tu meli inakuwa kama ya kwako. Sisi tulilijua hilo siku ya tatu. Siku mbili za kwanza tulisimama sana.

Mfano siku ya kupanda. Unaingia saa sita mchana, vyumba havijawa tayari, mabegi hayajafika, basi kundi zima linapanda juu kwenye bafe, unakuta watu wamebeba sahani kama wanatafuta ndugu waliopotea hakuna meza. Kumbe chini huko mgahawa mkuu, ule wa vitambaa vyeupe, ulikuwa wazi kwa chakula cha mchana siku hiyo hiyo na hauna mtu, na ni bure vile vile, upo ndani ya nauli. Hawatangazi. Yaani imeandikwa kwenye karatasi ya ratiba kwa herufi za sisimizi. Si meli zote wanaufungua siku ya kwanza, ila kabla hujapigania kijiko huko juu muulize mhudumu yeyote.

Sasa huo mgahawa mkuu ndo uliobeba hizi nyota. Kuna mfumo wa aina mbili, meza ya kudumu (muda ule ule, meza ile ile, wahudumu wale wale kila usiku) na ule wa kuja muda unaotaka. Dada alitaka uhuru, mimi nikataka meza ya kudumu zamu ya pili, saa mbili na nusu usiku, nikashinda kwa kuwa mimi ndo niliyelipia. Sijutii. Usiku wa kwanza walituweka karibu na mlango wa jikoni, trei zinapita kichwani, nikamfuata mkuu wa mgahawa usiku ule ule kabla ya kulala, kesho yake tukapewa dirishani. Ukisubiri hadi siku ya tatu utaambiwa pamejaa, na itakuwa kweli. Na faida ya wahudumu wale wale ni kwamba wanakujua, dada hali vyakula vyenye karanga, alisema mara moja tu, kuanzia hapo kila usiku analetewa menyu ya kesho achague kabla jikoni wamwandalie peke yake. Kwenye bafe hilo huwezi kulipata, kule kijiko cha sahani hii kinahamia sahani ile na hakuna wa kumlaumu.

Halafu kitu ambacho watu wanakionea aibu bila sababu: kwenye mgahawa mkuu unaweza kuagiza vianzio viwili. Au kianzio kama chakula kikuu. Au nyama na samaki pamoja. Hakuna anayekuandikia bili. Jirani yetu wa meza alikuwa anaagiza supu tatu kila usiku anazionja zote, mtu mzima kabisa, wala hakuna aliyemshangaa. Sahani ikija ukaona huipendi rudisha kistaarabu uletewe nyingine.

Migahawa ya kulipia ya ndani ya meli tulijaribu mmoja usiku mmoja. Nyama nzuri, kiti kizuri, kelele hakuna. Je, ni bora kuliko ule wa bure? Ni bora kidogo. Kidogo hicho siwezi kukilipia tena. Kama unautaka sana nenda usiku wa kwanza, watu bado wanazubaa kutafuta vyumba vyao na meli nyingi huwa zinashusha bei siku hiyo ili zijaze meza.

Sasa vinywaji, hapa ndo nyota zilipoanguka. Neno "vyote vimejumuishwa" lisikie kwa sikio moja. Kwenye bafe maji ya mashine, chai na kahawa ya kawaida ni bure, lakini ukikaa kwenye mgahawa mkuu ukaomba maji unaletewa ya chupa na bili juu, kila usiku, na mhudumu anafungua kifuniko huku anatabasamu kabla hujasema neno. Muulize kwanza. Vifurushi vya vinywaji nao wanavisukuma tangu mlangoni na sheria yao ni kwamba watu wazima wote wa chumba kimoja lazima mnunue, kwa hiyo mimi nikitaka na dada hanywi kitu bado tunalipa mara mbili. Tukaacha. Na bakshishi wanajikatia wenyewe kila siku kwa kila kichwa, wala haimo kwenye ile bei uliyoiona kwenye tangazo. Ile pesa ihesabu kama nauli tu, usije ukashtuka mwisho. Pia kila unaposaini bili ya baa soma karatasi vizuri, kuna mstari mtupu wa kuongeza bakshishi wakati huduma wameshaikata ndani.

Kunawa mikono: yule mtu wa mlango wa bafe anayeimba "washi washi" usimkwepe. Ile jeli ya pombe haitoshi kwa virusi vya tumbo vinavyopenda meli, sabuni na maji ndo dawa.

Haya tushuke nchi kavu.

Villefranche meli haigusi gati, inatia nanga katikati ya ghuba halafu mnashushwa kwa viboti. Waliolipia ziara za meli (matembezi ya nchi kavu yanayouzwa na meli yenyewe) wanatangulia, wengine mnachukua namba. Sisi asubuhi ile tukawaacha wagombanie namba, tukanywa chai taratibu, saa nne kasoro wakatangaza namba hazihitajiki tena, tukashuka kama wenye kiboti. Stesheni ya treni iko pale pale juu ya ufukwe, Nice ni chini ya dakika 10, Monaco upande wa pili kama robo saa. Watu wa ziara ya basi walitwambia jioni muda mwingi walikuwa kwenye foleni ya magari. Ila angalia, bandari ya viboti saa yako siyo ya meli kuondoka, ni ya kiboti cha mwisho, na hicho kinatoka mapema zaidi.

Livorno sitasema sana. Ni bandari ya makontena, huruhusiwi kutembea kwa miguu ndani yake, unachukua basi mpaka katikati ya mji. Wengi wanakimbilia Florence, treni peke yake ni zaidi ya saa moja kwenda na hivyo hivyo kurudi, na ikiwa Jumatatu makumbusho ya Uffizi yamefungwa. Sisi tukaishia Pisa, kama dakika 20 tu, tukauona mnara umelala kama walivyoahidi, tukarudi kula mchana melini bafe ikiwa tupu.

Civitavecchia sasa. Kwenye tangazo wameandika "Rome" herufi kubwa, chini mabano madogo. Roma iko mbali kama kilomita 70 na zaidi. Ziara ya meli ni basi na kiongozi na bei ya kukufanya umeze mate, treni ya kawaida ni hela ya kueleweka kabisa: basi la bandari linakutoa getini, unafika stesheni, tiketi ya karatasi unaigonga kwenye kimashine kabla ya kupanda (usipogonga ni faini hata kama umelipa), na usishuke Termini, stesheni kuu ya Roma, na kundi zima, shuka stesheni ya San Pietro, unatembea kidogo tu uko Vatikani. Mabega na magoti yafunikwe ndo uingie kanisani, dada alibeba mtandio ukatusaidia wote wawili kwa zamu, picha zile sizionyeshi. Jumapili makumbusho ya Vatikani yanafungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo angalia tarehe ya meli kabla hujaota.

Hapa ndo nilipotaka kufa. Ratiba ya meli inasema wote muwe ndani 17:30. Dada akaniambia tega alamu, saa kumi na moja na nusu. Mimi nikatega 11:30. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunajua hii balaa, unatoa sita kichwani ukienda unaongeza sita ukirudi, na siku yenye presha kichwa kinagoma. Alamu ikalia tuko kwenye uwanja wa San Pietro saa tano na nusu asubuhi, nikaruka nikamshika dada mkono tukaanza kukimbia, tumefika nusu ya barabara ndo akaniuliza tunamkimbia nani. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Basi ile kicheko ikatulegeza, tukala taratibu, tukapanda treni ya saa tisa na nusu badala ya ile ya saa nane tuliyoipanga, ikasimama katikati ya mashamba bila tangazo wala maelezo. Tulifika ngazi ya meli zimebaki dakika 12. Kuna watu wawili walikuja nyuma yetu mbio, na juu kwenye deki abiria wamejipanga wanawapigia makofi na kurekodi, wenyewe wanaona ni burudani.

Uzuri wa ziara ya meli upo hapo tu: basi lao likichelewa meli inakusubiri au wanakufikisha bandari inayofuata kwa gharama zao. Ukienda kivyako umechelewa kivyako. Hesabu yangu sasa ni kwamba kama uko mji wa mbali, uwe umekaa kwenye treni ya kurudi masaa matatu kabla ya muda wa mwisho, na namba ya simu ya wakala wa bandari, yule anayeiwakilisha meli nchi kavu (ipo kwenye karatasi ya ratiba ya siku) ipige picha asubuhi. Fuata saa ya meli pia, siyo ya simu. Sisi halikutukuta kwa sababu Hispania, Ufaransa na Italia saa zao zinafanana, ila njia zingine simu inajibadilisha yenyewe na meli haijabadilika. Na ile simu ikiwa baharini iweke hali ya ndegeni, inashika mtandao wa setilaiti wa meli kimya kimya, bili utaikuta nyumbani.

Napoli ndo bandari rahisi kuliko zote, unatoka melini uko mjini, ngome ile kubwa unaiona hapo hapo. Kila mtu anaenda Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, na tangu Novemba 2024 wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku na tiketi ina jina lako, kwa hiyo nunua kabla. Sisi tukapanda treni ile ile ya Pompeii ila tukashuka njiani, Ercolano, mji mdogo uliofunikwa na volkano ile ile ya mwaka 79, hauna msongamano, na mbao za nyumba bado zipo, zimeungua kuwa mkaa lakini zipo. Unaumaliza kwa saa mbili hujachoka. Treni imejaa, begi mbele ya tumbo.

Palma mimi sikushuka kabisa. Dada alishuka, mimi nikabaki, na hiyo ndo siku nzuri kuliko zote: bwawa tupu, viti vyote vyangu, masaji imeshushwa bei kwa kuwa wateja wako nje, na mpishi wa bafe ana muda hadi wa kukuuliza mayai uyapende vipi. Maduka ya meli na kasino vilifungwa, bandarini huwa hawaruhusiwi kufungua, na hata hilo ni punguzo la bei ukiwa na mkono mwepesi kama wangu.

Ukishuka usibebe matunda wala nyama kutoka bafe, ushuru wa bandari hawataki na kuna sehemu wanapiga faini. Tulimuona bibi mmoja getini anakula ndizi nne kwa haraka ili asizitupe.

Usiku wa mwisho wanataka mabegi yawe nje ya mlango kabla ya kulala, yanachukuliwa na unayakuta gatini asubuhi. Begi dogo la nguo za kesho unabaki nalo mwenyewe. Hilo nililisema mara mbili. Dada akapanga kila kitu vizuri kabisa, akafunga, akatoa nje, akalala. Asubuhi alishuka Barcelona na gauni la kulalia, koti langu juu, na malapa ya bafuni yenye nembo ya meli.