Jökulsárlón na Ufuko wa Almasi kwa gari la kukodi: tathmini ya safari ya siku mbili

Anayepanga kutoka Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, kwenda kuliona ziwa la barafu la Jökulsárlón na kurudi mjini siku hiyo hiyo, namshauri aahirishe mpaka apate siku ya pili. Umbali wa kwenda tu unakaribia kilomita 370, yaani unazidi kidogo ule wa Dar es Salaam hadi Tanga, na njiani kuna upepo, madaraja membamba na mandhari yanayomlazimu dereva kusimama kila baada ya nusu saa. Hata hivyo sababu kubwa zaidi si uchovu wa barabara. Sababu ni maji ya bahari, ambayo ndiyo yanayoamua mgeni ataona nini, na maji hayo hayafuati ratiba ya mabasi ya watalii.

Tulikuwa wanne, mimi, mke wangu, mdogo wake wa kiume na binti yetu wa miaka tisa, na tulikwenda mwishoni mwa Septemba, wakati mchana na usiku vinakaribia kulingana na boti za ziwani bado zinafanya kazi. Gari letu lilikuwa dogo, lisilo na nguvu ya magurudumu manne, na kwa msimu huo lilitutosha, kwa sababu Barabara Namba 1, ile inayoizunguka Iceland yote, ina lami safi mpaka ziwani. Sisi tuliozoea kuendesha upande wa kushoto tunahitaji saa ya kwanza ya utulivu, hasa kwenye mizunguko ya kutoka mjini. Mwendo wa juu kwenye lami nje ya miji ni kilomita 90 kwa saa, taa za mbele huwashwa hata mchana, na kutoka nje ya barabara kwa gari, hata kwa kupiga picha tu, ni kosa la kisheria lenye faini kali. Kwenye madaraja ya njia moja, desturi ni kwamba aliye karibu zaidi na daraja ndiye anayetangulia, naye mwingine hungoja bila kupiga honi.

Jambo ambalo hakuna aliyetueleza kwa uzito unaostahili ni upepo. Baada ya kijiji cha Kirkjubæjarklaustur barabara inakatiza Skeiðarársandur, uwanda mpana wa mchanga na kokoto nyeusi ulioachwa na mafuriko ya chini ya barafu. Karibu na Skaftafell kuna vyuma viwili vikubwa vilivyopindwa, mabaki ya daraja lililobomolewa na mafuriko ya mwaka 1996, baada ya volkeno kulipuka chini ya barafu ya Vatnajökull na kuyeyusha barafu nyingi. Tulisimama hapo tuvitazame. Nikamwambia shemeji, "Shemeji, shikilia mlango kwa mikono miwili," lakini alikuwa ameshaufungua kwa mkono mmoja, na upepo ukaunyakua kama tanga la ngalawa mpaka bawaba zikalia. Mlango ukawa haufungi sawasawa, tukasafiri siku nzima tukisikiliza mluzi. Niliporudisha gari, kampuni iliyonikodisha ilinionyesha mstari mmoja wa maandishi madogo unaosema kwamba milango iliyoharibiwa na upepo haihusiki na bima niliyouziwa kwa jina la bima kamili, na nikatozwa kiasi kilichozidi kodi ya gari kwa safari yote. Ningependa mstari huo usomwe kwa sauti dirishani, mbele ya mteja, kabla hajatia saini. Egesha gari likiwa limeelekea upepo, na mtu mmoja ateremke kwanza.

Ziwa lenyewe linaonekana ghafla. Unapita daraja refu la chuma lililojengwa mwaka 1967, la njia moja, na upande wa kushoto vinatokea vilima vya barafu vya buluu na vyeupe vikielea kimya, nyuma yake ukiwapo ukuta wa Breiðamerkurjökull, mmoja wa mikono ya Vatnajökull, barafuto (barafu nene inayotambaa polepole) kubwa kuliko zote nchini humo. Mimi nimekulia Tanga, na barafu niliyoijua utotoni ni ile ya ukwaju iliyouzwa kwa kipande mlangoni kwa jirani. Kuikuta barafu yenye ukubwa wa msikiti ikiwa imeegama majini, usawa wa bahari, kulinifanya ninyamaze kwa muda. Ziwa hili si la kale. Mwishoni mwa karne ya 19 barafuto ilifika karibu kabisa na bahari, na ni katika miaka ya 1930 ndipo maji yalipoanza kujikusanya mbele yake ikirudi nyuma. Tangu miaka ya 1970 ziwa limepanuka takribani mara nne, na kina chake kinazidi mita 240, kwa hiyo ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Iceland. Kwa maneno mengine, uzuri tunaoulipia nauli ni uzuri wa kitu kinachopungua, na mtu aliyewahi kutazama picha za zamani za Kibo atauelewa bila kuelezwa zaidi.

Sasa nieleze habari ya maji. Ziwa linaungana na bahari kwa mto mfupi sana, usiofika kilomita moja, unaopita chini ya lile daraja. Maji ya bahari yanapojaa, huingia ziwani kupitia mto huo na kuzirudisha barafu ndani. Yanapokupwa, mkondo hugeuka na kuzitoa nje zile zilizokwisha kuyeyuka kiasi cha kupita mlangoni. Hizo ndizo mawimbi huzitupa kwenye mchanga mweusi ng'ambo ya barabara, mahali panapojulikana kwa Kiiceland kama Fellsfjara na kwa watalii kama Ufuko wa Almasi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili, maana ndivyo tunavyojua wakati wa kwenda kuokota chaza na wakati wa kungoja mtumbwi uelee. Lakini nilishangaa kuona wageni wengi wakishuka kwenye mabasi saa tisa alasiri, maji yakiwa yanajaa, wakitembea juu ya mchanga uliokuwa na vipande vichache vya kuhesabika, na kuondoka wakilalamika kwamba picha za mtandaoni zimewadanganya. Sisi pia alasiri ile hatukuona mengi ufukoni. Tofauti ni kwamba tulikuwa tumepanga kulala karibu.

Kwa hiyo alasiri tuliitumia ziwani. Kuna aina mbili za boti: ile kubwa yenye magurudumu, inayotoka nchi kavu na kuingia majini bila abiria kushuka, ambayo safari yake huchukua chini ya saa moja, na zile ndogo za mpira zinazokwenda kwa kasi mpaka karibu zaidi na ukuta wa barafuto. Kwa sababu ya mtoto tulipanda kubwa, ambayo bei yake inazidi krona 6,000 kwa mtu mzima. Kiongozi alivua majini kipande cha barafu, akatupokeza tukishike, akatueleza kwamba barafu iliyokandamizwa kwa muda mrefu hupoteza viputo vingi vya hewa na kuruhusu mwanga wa buluu upite, huku mistari myeusi ikiwa ni majivu ya volkeno za zamani. Maelezo yalikuwa mazuri na jaketi za kujiokolea zilikuwa safi. Hata hivyo, kwa fedha ile, niliona kwamba tulizunguka eneo dogo ambalo sehemu yake kubwa ilionekana pia kutoka ukingoni, na kelele ya injini ilituficha sauti ya ziwa. Mwenye fedha ya safari moja tu, na asiye na mtoto mdogo, achague boti ya mpira au asipande kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu kutembea ukingoni ni bure, na ndiko nilikopata nilichokifuata. Njia ndogo ya miguu hufuata ziwa, na dakika kumi tu mbali na maegesho watu hupungua. Sili watatu, wale wanyama wa bahari za baridi, walikuwa wamelala juu ya barafu moja pana, mmoja akijikuna tumbo kwa kiganja kama mzee aliyeshiba. Binti yangu aliokota kipande cha barafu kisichozidi sufuria ndogo, kilichoangaza kama kioo, akakiweka sikioni, kisha akaniita: "Baba, njoo usikie, inakaanga!" Ni kweli, ilikuwa ikitoa mlio mwembamba kama mafuta yanayoanza kuchemka, kwa kuwa hewa iliyobanwa ndani yake kwa karne nyingi ilikuwa ikipasuka kiputo baada ya kiputo. Tulikipokezana mpaka vidole vikafa ganzi.

Asubuhi yake tulikuwa ufukoni jua likichomoza. Maji yaliyojaa alfajiri yalikuwa yameanza kupwa, na mchanga wote, kutoka mtoni mpaka mbali upande wa mashariki, ulikuwa umetapakaa barafu: nyingine za kukalika kama kigoda, nyingine zikimzidi shemeji kimo, zimeng'arishwa na mawimbi mpaka zikapitisha mwanga wa rangi ya chungwa. Mawimbi hapa si ya kuchezewa. Wimbi moja hupanda mbali kuliko kumi yaliyolitangulia, na barafu yenye uzito wa ng'ombe huviringika nalo. Nilimwona kijana mmoja aliyepanda juu ya barafu ili apigwe picha akiruka na kuanguka magoti yakiwa majini. Usimpe bahari mgongo, na mtoto ashikwe mkono. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mapango ya barafu: hayaingiwi bila kiongozi, na hata akiwapo hatari haiishi, kwani Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye Breiðamerkurjökull na kumwua mtalii aliyekuwa katika ziara ya kikundi.

Huduma za pale ni za wastani. Maegesho yako chini ya hifadhi ya taifa ya Vatnajökull. Tulilipa krona 1,000 kwa gari dogo, kamera husoma namba ya gari, na asiyelipa siku hiyo huletewa deni kupitia kampuni ya kukodisha pamoja na ada ya usumbufu. Mkahawa ni mdogo, foleni ya vyoo mchana ni ndefu, na chakula kinachouzwa kwenye magari, samaki wa kukaanga na supu, ni kitamu lakini ghali kwa familia. Sisi tulibeba chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa, na sikuona aliyekula vizuri kutuzidi. Mafuta hayauzwi ziwani: jaza Freysnes ukitokea magharibi, au Höfn, kilomita kama 80 mashariki. Malazi ya karibu ni machache, hivyo yawekwe akiba miezi kadhaa kabla. Na aliyechoshwa na msongamano aende Fjallsárlón, ziwa dogo la aina hiyo hiyo, mwendo wa dakika kumi kuelekea magharibi, ambako barafuto inaonekana kwa karibu zaidi na watu ni wachache.

Nikitoa alama, ufuko wa asubuhi naupa tano juu ya tano, ziwa nne na nusu, boti tatu, na kampuni ya gari naipa moja, ambayo ni ya tairi zake nzuri. Tuliondoka saa nne asubuhi, mabasi ya kwanza yakiingia, tukiwa tumeufunga ule mlango kwa kamba ya viatu vya shemeji.