Jezi za Torres pale sokoni Malindi: printi safi, saizi ndo tabu

Kwa wale mnaouliza kila siku Malindi mtu anapata wapi jezi za zamani za maana, si hizi za kumwagwa chini kando ya barabara, kuna kibanda kimoja kule ndani karibu na soko la zamani, ukishapita maduka ya leso unaingia kichochoro cha mafundi cherehani, bango hakina, utakijua kwa jezi nyekundu namba 9 iliyotundikwa mlangoni. Mwenyewe ni ami wa makamo hivi, Liverpool damu, na kipenzi chake ni Fernando Torres, yule mshambuliaji wa Hispania. Nikisema kipenzi nataka mnielewe, yaani nusu ya kibanda ni Torres mtupu, kuanzia Atletico Madrid mpaka ile ya Sagan Tosu kule Japani alikomalizia mpira 2019. Za Messi zipo pia ila hazichangamkii kabisa.

Printi yake wallahi ni kali. Wauza jezi wengi huku wanakubandikia tu ilimradi, herufi za juzi juu ya jezi ya 2007, na mkononi wanakutilia ile beji ya dhahabu ya bingwa wa ligi manake inang'aa. Sasa hebu niambieni, Liverpool ya Torres ilichukua ligi lini? Walipokaribia sana ni 2009, wakamaliza wa pili na pointi 86 na Man U 90. Ami beji ya dhahabu hakuwekei hata umlipe mara mbili. Anaitandaza jezi mezani, anapima kati ya mgongo na futi ya fundi cherehani, anapanga T, O, R mojamoja, anafunika karatasi ndo anashusha mashine ya moto, halafu lazima usubiri ipoe kwanza kabla hajabandua ile plastiki, ukimharakisha anakutazama tu. Yangu nimeifua na mkono na kuianika kwenye hili jua letu na herufi zote bado zimeshika.

Ile nyekundu ya msimu wa 2007/08 yenye Carlsberg kifuani ndo inayotoka sana na mie siwalaumu watu, ule msimu kijana kaja tu kutoka Hispania, mechi ya kwanza Anfield akawafunga Chelsea, mpaka ligi inaisha ana mabao 24. Aliondoka na mabao 81 kwenye mechi 142. Ukimuuliza ami kuhusu ile 4-1 ya Old Trafford 2009, Torres alivyompora mpira Vidic, beki wa Man U, jiandae kukaa, manake anasimama kabisa kukuonyesha mguu gani na mpira ulidunda wapi, na kama una haraka ya tuktuk ndo imekula kwako.

Za Hispania pia ziko na zina kisa. Nilikuta moja ya Euro 2008, kombe la mataifa ya Ulaya, ile ya fainali ya Vienna aliyompita beki Lahm wa Ujerumani kwa mbio akamchopia kipa Lehmann dakika ya 33 ikaisha 1-0, sasa hiyo jezi ina nyota juu ya beji. Nyota ya nini, na Kombe la Dunia wamechukua 2010? Nikamwonyesha ami, akavaa miwani, akaiangalia, akasonya, akaipeleka kwa fundi wa jirani ikafumuliwa na wembe uzi mmoja mmoja palepale. Muuza jezi gani mwingine angehangaika hivyo kwa kitu cha 1,500? Za Atletico nazo ami kazipanga sawa, ile ya 2015 aliporudi nyumbani ina namba 19, si 9, manake 9 wakati huo ilikuwa kwa Mandzukic, na ndo hiyo aliyowatia nayo Real Madrid mawili kwenye kombe la mfalme Bernabeu kwao. Milan ziko, hazisogei, hata na Wataliano wote hawa tulio nao mjini, mechi 10 bao moja nani atavaa.

Sasa tunapokosana na ami ni Chelsea. Jezi za Chelsea za Torres kazificha kwenye katoni chini ya meza, lazima uulize, na ukiuliza unaulizwa.

"Ami, ya Chelsea iko?"

"Iko mwanangu, lakini ya nini?"

Mie nadhani anajinyima biashara, na kwenye mpira wenyewe pia kakosea. Sawa, walimnunua kutoka Liverpool kwa paundi milioni 50 Januari 2011, mechi ya kwanza akacheza na haohao Liverpool akafungwa, bao la kwanza akasubiri mpaka Aprili na West Ham uwanja umejaa maji, na lile la Old Trafford kampiga chenga kipa De Gea goli liko tupu akatoa nje hakuna aliyesahau. Mabao 45 mechi 172, hesabu haimbebi. Lakini Anfield na mapenzi yote yale alitoka na nini? Hata kikombe cha chai hakutoka nacho! Chelsea kachukua Kombe la FA na Champions League 2012, tena nusu fainali Camp Nou wako kumi uwanjani, Barca wote wamepanda, mpira umebutuliwa tu kuokoa yeye akabaki na kipa Valdes peke yao, akamzunguka akaweka. Fainali Munich aliingia mwishomwisho, ile kona aliyoipigia kichwa Drogba aliipata nani? Yeye. Mwaka uliofuata akafunga fainali ya Europa na Benfica. Halafu ndani ya miaka hiyohiyo mnayosema kaisha ndo kachukua kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora Euro 2012 na kuwa mtu wa kwanza kufunga fainali mbili za Euro mfululizo. Ile ya buluu ingetundikwa mlangoni pamoja na nyekundu, wateja waamue wenyewe.

Haya ubaya wa duka. Saizi ni tabu, large yake ukivaa ni medium, mwenye kitambi chukua mbili juu na ujaribu kabla haijaprintiwa manake ikishaprintiwa hairudishwi. Kitambaa kinashika joto, kipindi hiki cha kaskazi ukivaa mchana utalowa kabla hujafika stendi. Na ukimletea jezi yako mwenyewe umtilie jina anaweza kukukatalia akiona haifanani na mwaka, rafiki yangu kakataliwa na Torres kwenye Liverpool ya 2012, ami kamwambia huyo keshahama zamani, akamrudishia pesa.

Bei ni 1,500 jezi tupu, 300 jina na namba, hapunguzi ila ukichukua mbili printi moja anakufanyia bure. M-Pesa anapokea. Ijumaa msimfuate mchana, anafunga kabla ya swala na hafungui mpaka ashalala kidogo, kama saa tisa hivi. Na mwenye kutaka ya Chelsea aseme tu bila haya, za saizi kubwa zimebaki chache kwenye ile katoni.