Himalayan 411 baada ya mwaka mmoja na nusu: niliichagua kwa miguu yangu

Kila ninapoitia mafuta pikipiki yangu, Royal Enfield Himalayan ya cc 411, lazima kijana wa pampu aiangalie mita kisha aulize, "Madam, hii inafika ngapi?" Namwambia sijawahi kuipitisha 120, na naona hamu inavyomtoka usoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kiti chake kiko juu kiasi gani kutoka ardhini, na hilo ndilo swali lililoniamulia nichukue pikipiki gani.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Naishi Lang'ata, na kazi hunipeleka sana upande wa Kajiado: wiki hii Isinya, wiki ijayo Olorgesailie, ambako ukiiacha lami ya barabara ya Magadi unaingia moja kwa moja kwenye mchanga, mawe na njia za ng'ombe. Miaka sita niliifanya kazi hiyo kwa pikipiki ya cc 150, zile zile za bodaboda. Ilinifaa sana na ninaiheshimu mpaka leo. Ila kupanda nayo kutoka Oltepesi hadi Corner Baridi, spana na mabomba nyuma, gia ya pili, lori likikupigia honi mgongoni, hapo roho ilikuwa ikinidunda kila safari. Nilitaka pikipiki inayoweza kwenda na magari kwenye lami na bado isiniangushe nikiacha lami.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kusoma nguvu za farasi. Kosa hilo lilinipotezea karibu miezi miwili. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta hupima hewa na kurekebisha mafuta yalingane nayo, lakini hauwezi kuleta hewa ambayo haipo. Kwa hiyo zile nguvu za farasi zilizochapishwa kwenye karatasi zilipimwa kana kwamba unaishi Mombasa. Ukizileta Lang'ata, punguza kama moja ya sita. Ukipanda Limuru, punguza zaidi. Nilipolielewa hilo niliacha kupigania namba za juu, nikaanza kuuliza injini inavuta vipi ikiwa inazunguka polepole, kwa sababu kwenye mawe na mchanga ndiko unakohitaji kuvutwa taratibu bila kushtuliwa.

Pikipiki ya kwanza niliyoitamani ilikuwa Yamaha Ténéré 700. Silinda mbili, cc 689, gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, na shokabsoba ndefu zinazomeza mashimo. Ni chombo kilichoundwa na watu wanaojua njia mbaya ni nini. Jamaa mmoja tunayesali naye aliniruhusu niikalie uani kwake. Kiti chake kiko milimita 875 juu. Mimi nina sentimita 162. Nilipanda, nikagusa chini kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, mwingine ukining'inia. Mwenyewe akaniambia nitazoea, na wapo wanawake wafupi kuliko mimi wanaoziendesha vizuri sana, wanateleza upande mmoja wa kiti kila wanaposimama. Mimi nikafikiria jam ya Lang'ata Road saa kumi na mbili jioni, unasimama mara arobaini kati ya matatu mbili, na nyuma una kilo 25 za vyuma. Nikashuka, nikamshukuru.

Lakini lililonifunza kweli lilitokea Mlima Suswa. Rafiki yangu aliniazima pikipiki yake kubwa ya silinda mbili, ya zaidi ya kilo 210, kwa siku moja. Kwenye lami ilikuwa raha tupu, imetulia kama gari. Tulipoanza kuupanda mlima kutoka upande wa chini, tukakutana na lile vumbi la volkano. Asiyelijua hudhani ni unga: laini, kina chake kinafika kwenye kifundo cha mguu, na linaficha mawe chini yake. Gurudumu la mbele likatafuta njia yake, nikapunguza mwendo badala ya kuongeza, pikipiki ikaanza kulala upande wa kushoto. Nikatoa mguu kuizuia. Mguu haukukuta kitu. Zilikuwa zimebaki sentimita tano au sita tu kufika chini, na katika sentimita hizo pikipiki ilikuwa imeshapata uzito wote ilioutaka. Tukalala sote wawili.

Kuinua pikipiki ya kilo 210 kuna namna yake, na ni vizuri ujifunze nyumbani kabla ya kuhitaji. Zima injini. Weka gia ya kwanza isije ikabingirika. Geuza usukani mpaka mwisho kuelekea upande ilikoangukia, uipe pikipiki mgongo, chuchumaa makalio yako yakiwa kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike chuma kilicho imara karibu na kiti, kisha usukume kwa miguu ukitembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Usivute kwa mgongo kamwe. Nilijaribu mara tatu, vumbi likaniporomoka chini ya viatu mara zote tatu. Mwishowe kijana mmoja mchunga mifugo aliyekuwa akitutazama kutoka juu akaja mbio. "Mama, ngoja kidogo," akasema, akaweka fimbo yake chini kwa uangalifu kabisa, tukainua pamoja. Angekuwa hayuko, ningekaa pale mpaka rafiki yangu agundue sipo nyuma yake.

Kutoka siku hiyo nilikuwa na maswali mawili tu. Miguu yangu yote miwili inafika chini? Na ikiharibika, nani ataitengeneza kati ya hapa na Magadi?

Ukiuliza hivyo, orodha hupungua yenyewe. Honda CRF300 Rally ni nyepesi ajabu, kama kilo 153, lakini kiti chake ni milimita 885, kirefu kuliko hata cha Ténéré. Honda CB500X kwa kweli iliniuma kuiacha. Injini yake ya silinda mbili ya cc 471 ni tulivu, haili mafuta sana, tanki lake ni la lita 17.7, na kama safari zako ni Nakuru, Nanyuki na kipande cha changarawe cha kwenda shamba, nakuambia chukua hiyo wala usisome zaidi. Mimi njia zangu zina mawe yanayopiga tumbo la pikipiki, na CB500X haikuinuliwa sana kutoka chini. Himalayan mpya ya cc 450, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina nguvu ya farasi 40 na inapozwa kwa maji. Ni nzuri, ila bajeti yangu ilikuwa ya mtumba.

Ndipo nikafika kwa Royal Enfield Himalayan ya zamani, ya cc 411. Kiti milimita 800. Silinda moja inayopozwa kwa hewa na oili. Nguvu ya farasi 24.3 kwenye karatasi, ambayo kwa hesabu ya Nairobi ni kama 20. Gurudumu la mbele inchi 21, la nyuma inchi 17, tumbo liko milimita 220 juu ya ardhi. Uzito wake si mdogo hata kidogo, karibu kilo 199 ikiwa na mafuta, na anayekuambia ni nyepesi hajawahi kuisukuma kupanda mlima. Tofauti ni kwamba uzito huo umekaa chini, na nyayo zangu zote mbili zinagusa ardhi, visigino vikiwa vimeinuka kidogo tu. Pikipiki ikianza kulala, mguu unafika kabla uzito haujaamka.

Niliangalia tatu kabla ya kununua. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, imeoshwa mpaka cheni. Nikaomba iwekwe stendi ya katikati, nikamwambia muuzaji akalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha nikaugeuza usukani kwa kidole kimoja, kushoto kwenda kulia, taratibu. Ulipofika katikati kabisa ulinasa, kama droo inayoingia kwenye mfereji wake. Hiyo ni beringi ya shingo, pale usukani unapozungukia, imelika. Nikapita na kidole kwenye kila spoki nikizigonga kwa spana ndogo. Spoki nzima hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kibao. Nne mfululizo zilikuwa bubu, na rimu hapo ilikuwa na bonde. Pikipiki ile ilikuwa imeruka kitu kikubwa, na muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa ya kwenda kanisani. Nikaondoka. Tafadhali usimwonee mtu haya wakati wa kukagua. Gonga spoki, tazama meno ya sproketi, yale yanayoshika cheni, kama yameanza kupinda kama mawimbi, hakikisha namba ya fremu inalingana na iliyo kwenye logibuku, na uiwashe ikiwa ya baridi. Ukiikuta ina joto, uliza ni kwa nini waliiwasha kabla hujafika.

Ya tatu ndiyo yangu, na sasa nimeiendesha mwaka mmoja na nusu.

Kwenye lami haina haraka. Mwendo wake mzuri ni kati ya 80 na 95. Kupita lori kwenye mteremko wa Mai Mahiu ni jambo la kupangwa, si la kukurupuka. Lakini ule mlima wa Oltepesi uliokuwa ukinitisha sasa naupanda kwa gia ya tatu, mara nyingine ya nne, na spana zote zikiwa nyuma. Injini haipigi kelele, inasukuma tu kama ng'ombe wa plau. Tanki ni la lita 15, na kwa uendeshaji wangu hunipitisha kilomita 400. Najaza Kiserian, nashuka Magadi, narudi, bila kuhangaika. Na kuna kitu kizuri ambacho nadhani wengi hawakioni: kutoka Corner Baridi, penye upepo baridi unaopenya koti, mpaka ziwani Magadi, umeshuka zaidi ya mita 1,000. Kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito, na unaisikia pikipiki ikipata pumzi. Kule chini, kwenye joto linalounguza pua, ndiko Himalayan yangu ina nguvu kuliko popote.

Kwenye mchanga nasimama juu ya vikanyagio, magoti yanabana tanki, macho mbali. Napunguza upepo wa tairi la nyuma kutoka psi 32 hadi kama 24. Chini ya hapo sishuki, kwa sababu magurudumu yana tyubu, na jiwe likilibana tairi dhidi ya rimu, tyubu hutoboka matundu mawili pamoja.

Tyubu ndiyo bei unayolipa kwa magurudumu ya spoki, na nimeshailipa. Mwezi wa Agosti, kilomita kama nane nje ya lami, mwiba wa mgunga uliingia tairi la nyuma, mweupe, mrefu kama kidole changu cha mwisho. Hapo ndipo nilipoipenda ile stendi ya katikati kuliko kifaa kingine chochote kwenye pikipiki. Gurudumu likainuka lenyewe, nikalitoa, nikakalia tairi kuliachanisha na rimu, nikatumia vyuma vitatu vya kufungulia. Dakika arobaini na tano, jasho mpaka viatuni, lakini nilifanya peke yangu. Mimi hubeba tyubu moja tu ya akiba, ile ya mbele ya inchi 21. Ukikwama, ya mbele unaweza kuikunja ikaingia nyuma na kukufikisha nyumbani polepole. Ya nyuma huwezi kuivuta ikatosha mbele. Tena ya inchi 17 kila mtu wa pancha anaweza kukutafutia kitu cha kukuvusha, kwa kuwa bodaboda nyingi ni inchi 17. Ya 21 utaitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road siku nzima.

Na hapo ndipo lile swali langu la pili linapojibiwa. Vali za injini hii hurekebishwa kwa skrubu na nati, kama za pikipiki yoyote ya bodaboda. Fundi wangu hakuwahi kuigusa Himalayan kabla ya yangu. Alifungua kifuniko, akatazama, akacheka kwa furaha: "Madam, hii tunaijua." Kichujio cha hewa nasafisha mwenyewe kila ninaporudi kutoka Suswa, na mara zote najuta nikiahirisha.

Mjini nilifanya kosa moja nililolisahihisha. Nilifunga masanduku ya bati pande zote mbili. Yanapendeza, lakini yaliniongezea upana nisioweza kuupitisha kati ya matatu, na siku nilipoanguka kwenye mchanga sanduku lilitua sentimita chache kutoka kwenye mguu wangu. Nikayauza, nikashonesha mifuko ya turubai ngumu kwa fundi wa viti vya magari. Spana ziko chini, karibu na vikanyagio, mabomba mafupi nafunga juu kwa mpira. Na kwa wanaoniuliza kuhusu Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia: pikipiki haziruhusiwi kule juu, ziwe kubwa ama ndogo, kwa hiyo usinunue injini kubwa ukitegemea kukwepa jam ya Mombasa Road.

Tairi la mbele limebakiza kama milimita tatu. Mvua za Machi zikianza, ule udongo mweusi wa Isinya hunata kwenye gurudumu mpaka haligeuki, kwa hiyo Februari nitaweka lenye meno yaliyoachana zaidi, hata likilia kidogo kwenye lami.