Tamthilia za Kikorea za mapenzi na kurudi nyuma ya wakati: yangu ya moyoni

Nitangulize onyo: humu namaliza utamu. Kama una mpango wa kutazama Nine, Go Back Couple au Lovely Runner, katazame kwanza, kisha urudi tuzungumze.

Nilianza kama wengi wa rika langu hapa Morogoro, na Jumong ya CD, iliyotafsiriwa, sauti ya DJ ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Episodi 81, tukazimaliza likizo moja mimi na mdogo wangu. Baada ya mapanga na farasi nikataka mapenzi. Kijana aliyekuwa anatujazia muvi kwenye flashi akaniambia, "Dada, chukua hii, mtoto wa mfalme wa zamani anadondokea Seoul ya leo." Ilikuwa Rooftop Prince. Ni ya mwaka 2012, na mwaka huohuo Wakorea walitoa pia Queen In-hyun's Man na Faith, zote zikiwa na mtu anayevuka karne. Nilizitazama kwa kufuatana, na tangu hapo sijaacha.

Kwa sasa najua ninachokitafuta. Mtu akivuka miaka 300 kwa hirizi, kwa kupatwa kwa jua au kwa kutumbukia majini, kwangu ni sawa tu. Mimi namtazama nani atabaki anakumbuka na nani atasahau. Kwenye tamthilia zao za mapenzi ya kawaida, kizuizi ni mama mwenye hela anayemsukumia binti wa watu bahasha mezani ili amwache mwanawe. Mtu kama huyo unaweza kumjibu, unaweza kumkimbia. Lakini mpenzi wako akikupita njiani kama hakujui, na kweli hakujui, utamlaumu kwa lipi? Hana kosa. Hapo ndipo hadithi hizi zinaponishika, na hapohapo ndipo nyingi zinapoharibika, kwa sababu mwandishi anaweka masharti ya safari mwanzoni, halafu akifika episodi ya 13 anayavunja ili watu waoane.

Queen In-hyun's Man haikuyavunja hivyo, au kama iliyavunja, ilinilipa. Kim Boong-do ni msomi wa Joseon, yaani Korea ya enzi za wafalme, mwaka 1694, ule mwaka ambao malkia Inhyeon wa kweli alirudishwa kasrini baada ya kuvuliwa umalkia mwaka 1689. Hirizi inamtoa huko inamleta 2012, anakutana na mwigizaji wa kike anayeigiza nafasi ya malkia huyohuyo. Nilichompendea Boong-do ni akili. Tamthilia nyingi zinamfanya mtu wa kale mjinga, episodi nne nzima anaogopa televisheni na magari. Huyu anauliza, anasikiliza, anaelewa. Anakwenda maktaba, anafungua kumbukumbu za enzi yake na kutafuta habari zake mwenyewe. Mtu mzima, kavaa nguo za watu wa leo, anasoma kwa utulivu mambo ambayo kwake bado hayajatokea. Ji Hyun-woo, anayemwigiza, hakupandisha sauti hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeshika mto kifuani. Episodi 16, sikuona ya kukata.

Rooftop Prince ingekatwa. Ina 20, na ugomvi wa urithi wa kampuni umekula muda mwingi ambao ningependa wapewe Park Ha, binti wa Seoul ya leo, na mtoto wa mfalme. Hata hivyo, siku ya harusi yao juu ya paa, bwana harusi anapoanza kufifia mikononi mwa bibi harusi, na baadaye ile barua aliyoificha kasrini imesubiri miaka 300 mpaka mikono ya mwenyewe iifikie, nilisamehe kampuni yote. Faith sikuimaliza kwa furaha. Lee Min-ho anaigiza jenerali Choi Young, mtu wa kweli wa mwisho wa enzi ya Goryeo, ile iliyotangulia Joseon, na ana sura ya kukufanya uvumilie, lakini episodi 24 za mabaraza na sumu ni nyingi kwa mapenzi yaliyomo.

Sasa Nine, ya 2013. Mwandishi ni yuleyule wa Queen In-hyun's Man, Song Jae-jung, na kwangu hii ndiyo yenye akili kuliko zote. Sun-woo ni mtangazaji wa habari, ana uvimbe kwenye ubongo, siku zake zinahesabika. Anapata vijiti tisa vya ubani vilivyotoka milima ya Himalaya. Ukiwasha kimoja unarudi miaka 20 kamili, siku ileile, saa ileile, na unakaa huko kwa dakika 30 tu, kijiti kikiisha umerudi. Basi. Hakuna nyongeza. Kila kijiti kikiungua unaona hesabu inapungua, na kila anachotengeneza kule kinabomoa kingine huku.

Kinachobomoka kikubwa ni hiki: anarudi 1992, anabadilisha maisha ya kaka yake mkubwa ili aoe mwanamke anayempenda. Jambo jema, ndugu anamsaidia ndugu. Mwanamke yule ana binti. Sun-woo akirudi kwenye siku zake, mchumba wake Min-young, ambaye walikuwa wanaanza kupanga maisha, sasa ni mtoto wa kaka yake. Anamwita baba mdogo. Anaingia ofisini anacheka, anamwita baba mdogo mbele za watu, na Sun-woo peke yake katika dunia nzima ndiye anayejua jana binti huyo alikuwa nani kwake. Nimetazama tamthilia nyingi, sijaona adhabu nzito kama ile, na hakuna adui aliyeileta. Ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa nia njema.

Na hii ndiyo niliyoharibiwa. Kijana wa flashi alinijazia episodi 19 kati ya 20, moja ya katikati haikuwemo, na mimi sikuhesabu. Tamthilia ya kawaida ukikosa episodi moja unakisia. Hii nikaikuta dunia imebadilika mara mbili, watu wana majina mengine, sikujua nimekosa nini au ni mimi nisiyeelewa. Nilitazama mpaka mwisho nikiwa nimechanganyikiwa, nikaichukia bure. Miaka miwili baadaye nikaipata kamili, nikalia. Mwisho wake bado watu wanabishana. Mimi naukubali, unamwacha mtazamaji na kazi ya kufanya.

Kuna jambo hapo hapo nataka kulisema juu ya tafsiri za DJ. Nazipenda, nimekua nazo, na bila wao mama zetu na bibi zetu wasingewahi kumjua Jumong. Muvi ya kupigana DJ anaweza kuipeleka anavyotaka, steringi ni steringi. Lakini tamthilia ya wakati masharti yake yamo ndani ya maneno. DJ akiongea juu ya sentensi moja tu, kwamba kijiti kina dakika 30, au kwamba mtu hawezi kukutana na nafsi yake, umepoteza ufunguo. Niliwahi kupata moja ambayo aliyetafsiri alikuwa anawaita msichana wa sasa na msichana wa zamani kwa majina mawili tofauti kama watu wawili, wakati siri yote ya hadithi ni kwamba ni mmoja. Kwa aina hii, afadhali maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Unasimamisha, unasoma, unaendelea.

Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo ya 2016 nitaisema kwa uchungu. Msichana wa leo, anayeigizwa na IU, anavutwa na kupatwa kwa jua mpaka Goryeo ya karne ya 10, katikati ya wana wa mfalme, na anayempenda ni Wang So, yule wa kovu usoni, ambaye historia inamjua kama mfalme Gwangjong, mfalme wa nne, aliyetoa amri ya kuwaacha huru watumwa waliokamatwa isivyo halali na kuanzisha mitihani ya kuajiri watumishi wa serikali. Lee Joon-gi, anayemwigiza Wang So, amebeba tamthilia nzima kwa macho tu. Mwanzoni imekatwakatwa vibaya, wana wa mfalme ni wengi kuliko nafasi iliyopo, wengine hujui kwa nini wapo. Kuanzia katikati ikanikaba. Yule binti anapoamka kwenye dunia yetu hakumbuki chochote, anaishi, anafanya kazi, mpaka anasimama mbele ya picha za kuchorwa za enzi ile, machozi yanamtoka kabla hajajua anamlilia nani. Mwili umekumbuka kabla ya kichwa. Kisha ikaisha. Wang So kule kasema atamtafuta, na hakuna aliyetuonyesha akimtafuta. Msimu wa pili haujaja mpaka leo, na mimi bado nina deni na watu wale.

Lovely Runner ya 2024 ndiyo ilinirudishia imani. Im Sol yuko kwenye kiti cha magurudumu, anampenda mwanamuziki Ryu Sun-jae kwa mbali. Usiku wa theluji kiti kinaishiwa chaji darajani, Sun-jae anashuka garini, anampa mwavuli. Usiku huohuo Sun-jae anafariki, na saa ya mkononi inamrudisha Sol 2008, wote wana miaka 19, na miguu yake inatembea. Anahangaika kumwokoa akidhani yeye ndiye mwenye kumbukumbu na Sun-jae hajui kitu. Mwisho wa episodi ya pili wanatuonyesha siku ya mvua kwa upande wa Sun-jae: Sol anakuja mbio na mwavuli wa njano, anainua uso, na kijana anasimama hapo hapo akiwa kalowa. Alimpenda kwanza. Siku zote alimpenda kwanza. Niliirudisha sehemu ile mara tatu. Na sharti lao nililipenda: Sol akitaka kutamka kwamba anatoka miaka ya mbele, wakati unasimama, wote wanaganda, maneno hayamfikii mtu. Kwa hiyo anaujua ukweli na hana pa kuusema. Kasoro ninayoiona ni yule muuaji dereva wa teksi. Hawakumpa sababu yoyote ya kuwa mtu, anatokea pale tu hadithi inapohitaji hofu.

Marry My Husband ya mwaka huohuo nayo nimeipenda, ingawa ni kisasi zaidi ya mapenzi. Sharti lake kwamba balaa yako haifutiki mpaka mtu mwingine aichukue ni kali na imefuatwa. A Time Called You ina kaseti na wimbo mzuri, lakini ina haraka, episodi 12 hazikuitosha. Bon Appétit, Your Majesty ya 2025 nilitazama kwa sababu ya mapishi, na mapishi yalinitosha.

Go Back Couple nimeichelewesha kwa sababu ni ngumu kwangu. Ni ya 2017, episodi 12 tu. Mke na mume wa miaka 38, Jin-joo na Ban-do, wamechokana, wametalikiana siku hiyo, wanaamka mwaka 1999 wakiwa wanafunzi wa chuo. Wengi wanaisifia kwa vichekesho vyao. Mimi nilikwama kwa mama. Mama yake Jin-joo alishafariki. Sasa binti anaamka kwenye chumba chake cha usichana, na mama yupo, mzima, anamgombeza kama kawaida. Binti anamng'ang'ania, anamfuata kila chumba. Hata Ban-do, akimwona mkwe wake, anashindwa kujizuia, na yule mama anamshangaa kijana wa watu analia nini.

Mama yangu alifariki 2014. Kwetu ukiamka kitu cha kwanza kusikia kilikuwa mwiko wake ukigonga ukingo wa sufuria, mara mbili, halafu redio. Nilipofika sehemu ile nikasimamisha, nikatoka uani nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mpaka mdogo wangu akanifuata.

Kinachoifanya iwe kubwa ni bei. Jin-joo na Ban-do wana mtoto mdogo wa kiume kule walikotoka. Kubaki na mama ni kumpoteza mtoto, kumrudia mtoto ni kumzika mama mara ya pili. Na anayemwambia aende ni mama mwenyewe, kwamba mtu anaweza kuishi bila mzazi, bila mwanawe hawezi. Kim Mi-kyung, anayemwigiza mama huyo, alilisema lile bila kulia, kama anamwagiza dukani. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, ungekuwa wewe ungerudi?" Mwanangu alikuwa amelala mkekani pembeni yetu, ana miaka mitatu. Sikumjibu.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na Lovely Runner, aende Queen In-hyun's Man, kisha Nine akiwa na usiku mtupu bila kazi ya asubuhi. Go Back Couple atazame na mtu. Na kama unajaziwa kwenye flashi, hesabu mafaili palepale dukani kabla hujalipa.