Uzoefu wangu: seti ya dinosaria wenye deraya, kutoka Mombasa hadi Lamu

Mpwa wangu ana miaka saba na hana habari na magari ya kuchezea. Anachotaka ni wanyama, tena wale wenye magamba. Kakakuona anamjua kwa picha, kasa kwa macho yake, na tangu dada yake amwonyeshe Ankylosaurus kwenye simu, nyumba haina raha. Basi nikamwagizia seti ya dinosaria watano wa mpira kutoka duka moja la mtandaoni la Mombasa. Shilingi 2,850, na 300 za basi hadi Mokowe.

Nianze na mzigo, kwa kuwa ndio ulionikera. Niliambiwa siku mbili, ukafika siku ya sita. Nilipovuka kuuchukua nikakuta katoni imelowa upande mmoja, imefungwa kamba kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nikampigia muuzaji, simu ikaita mpaka ikakata. Kesho yake ndipo ukaja ujumbe: "Pole kaka, ni watu wa basi hao." Haya.

Wanyama wenyewe sasa. Mimi ni fundi wa nakshi, riziki yangu milango na masanduku, kwa hiyo kitu chenye mchongo nitakigeuzageuza tu hata kikiwa cha mtoto. Ankylosaurus wao amenishangaza kwa uzuri. Vipande vya deraya mgongoni vimepangwa kwa safu, vikubwa vikifuatwa na vidogo, na kila kimoja kina ukingo wake. Mtoto akasema, "Mjomba, amevaa gamba la kasa." Nikamwambia hebu mpapase vizuri. Gamba la kasa limeshikana na mbavu zake. Deraya ya huyu ni vipande vya mifupa vilivyoota ndani ya ngozi, kama mgongo wa mamba wa Mto Tana. (Yuko jamaa yake mmoja wa Morocco, Spicomellus, aliyetangazwa 2021, ambaye miiba yake imeungana na mbavu moja kwa moja. Huyo hamo kwenye seti, na bora hivyo, maana ningeshindwa kumweleza.)

Kosa la Ankylosaurus liko mkiani. Mnyama wa kweli, aliyeishi Amerika Kaskazini miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita, alikuwa na rungu hasa: pingili za mwisho za mkia zimekamatana zikawa mpini mkavu usiopinda, na nchani pana bonge la mfupa. Huyu wetu mkia mzima unalegea kama utambi. Rungu gani lenye mpini wa kamba?

Wenzake ni Scutellosaurus wa Arizona, Scelidosaurus wa Uingereza, Stegosaurus na Kentrosaurus. Uchaguzi huu naupenda, kwa sababu ni ukoo kweli, hawakuokotwa tu. Wawili wa kwanza ni wa zamani zaidi, wana vidonge vya mifupa tu mwilini. Stegosaurus na Kentrosaurus ni tawi la mabamba na miiba, Ankylosaurus ni tawi jingine la deraya nzito. Ila wote wametolewa kimo kimoja. Scutellosaurus alikuwa na urefu wa mita moja na kidogo, Ankylosaurus mita sita au zaidi, na hapa wanatazamana macho kwa macho. Juu ya kifuniko wamechora Stegosaurus na Ankylosaurus wakila majani pamoja kama punda wawili. Kati yao ilipita miaka milioni 80 hivi. Sisi tuko karibu zaidi na Ankylosaurus kuliko alivyokuwa Stegosaurus.

Lakini pesa yangu niliitoa kwa ajili ya Kentrosaurus, na hapo ndipo karatasi ya maelezo iliponiudhi. Imeandikwa "Afrika", basi. Afrika wapi? Huyu ni wa Lindi, jamani! Mifupa yake ilichimbwa kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913, Wajerumani wakiongoza na wenyeji wakichimba, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mizigo ikabebwa kwa miguu, vichwani na mabegani, siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Edwin Hennig akampa jina mwaka 1915. Mnyama wa mita nne na nusu hivi, mabamba shingoni na nusu ya mbele ya mgongo, kisha miiba mirefu hadi mwisho wa mkia. Mtoto wa pwani anamshika mkononi na karatasi haimwambii kwamba ametoka pwani hii hii, kusini kidogo.

Tena yupo kwa sura ya kizamani. Kuna mwiba mmoja mkubwa kila ubavu ambao Hennig aliuweka nyongani. Baadaye wakapatikana jamaa zake China, mwiba wa namna hiyo uko begani, na sasa wataalamu humchora hivyo. Wa kwetu bado uko nyongani.

Uimara sina neno. Wameogeshwa maji ya chumvi Shela wiki nzima na rangi haijabanduka. Bamba moja tu la Stegosaurus lilitoka, nikachonga jingine kwa kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye fremu ya mlango, na sasa ndilo zuri kuliko yote. Nampa nyota tatu mtengenezaji, moja muuzaji.

Jana usiku nikakata ile miiba ya nyonga kwa wembe na kuigundisha mabegani. Gundi nyeupe inaonekana, mkono ulitetemeka. Mtoto aliikagua kwa tochi, akaniuliza kama Lindi huendewa kwa mashua.